Neno la Dirishani

Mwalimu Malineo alikuwa na tabia moja ambayo hakuiacha tangu alipoolewa. Akiwa anafundisha, kila alipofika kwenye neno fulani aliikata sentensi, akanyosha mkono wenye chaki kuelekea dirishani, akangoja. Darasa zima likalitaja neno lile kwa niaba yake, naye akaendelea pale alipoishia, uso mkavu, kana kwamba hakuna lililopita.

Neno lenyewe lilikuwa jua. Kwa Kisotho jua ni letsatsi, na Letsatsi lilikuwa jina la baba mkwe wake. Mke aliyelelewa vizuri halitamki jina la baba mkwe, awe hai awe kaburini, hata kama jina hilo ni neno la kila siku vinywani mwa watu wengine. Wake wengine hutafuta neno la kuzibia, wakasema "kile kinachowaka" au "jicho la juu", na maisha yanaendelea. Malineo alikataa. Alisema mtoto akisikia neno la kuzibia darasani ataliandika kwenye mtihani, na msahihishaji aliyekaa Maseru hatauliza baba mkwe wa nani anaitwaje. Kuandika hakukukatazwa. Kwa hiyo aliliandika ubaoni kwa mwandiko wake wa mviringo, na kulitamka akawaachia watoto.

Watoto walipenda sana. Mwalimu wao alikuwa mwanamke mrefu, blanketi la kijivu limebanwa kwa pini kifuani, aliyeweza kulinyamazisha darasa kwa kuvua miwani tu. Lakini sentensi yake hakuweza kuimaliza bila wao.

Mosele alihamia shule ya Ha Motsoane akiwa ameshapita miaka arobaini, na cheti cha kufundishia kwa kompyuta ambacho kule milimani hakikuwa na kazi, maana kompyuta hazikuwepo. Alipanga chumba katika ua wa marehemu Letsatsi. Nyumba zilikuwa tatu, za mawe na paa la nyasi. Moja ya Malineo. Moja akapewa Mosele. Ya tatu ilikuwa na kufuli, na nyasi zilikuwa zimeota kizingitini. Hiyo ilikuwa ya Sekake, mume wa Malineo.

Sekake alikwenda kuchimba dhahabu Welkom, upande wa pili wa mpaka, kama walivyokwenda wanaume wengi wa rika lake. Miaka ya mwanzo alirudi Krismasi na mablanketi mapya. Kisha yakaja mablanketi bila yeye. Kisha hata mablanketi yakakoma. Watu waliotoka huko walisema ni mzima, ana nyumba, ana mtu. Kwa kuwa hakufa, Malineo hakuvaa kitambaa cheusi cha msiba. Kwa kuwa hakumwacha, hakurudi kwao Mafeteng. Alikaa hapo hapo, akifagia mbele ya mlango wenye kufuli kila Jumamosi kama anavyofagia wa kwake.

Hata jina hilo la Malineo alipewa na wakwe. Maana yake ni mama wa Lineo. Lineo aliitwa mama mzazi wa mzee Letsatsi, na binti wa kwanza wa nyumba ile ndiye angelirithi. Bibi harusi alipewa jina la mama kabla mtoto hajaja, kama ilivyo desturi, na mtoto hakuja. Jina lake la usichana Mosele hakuwahi kulisikia.

Jioni wanawake hao wawili walikula pamoja, ugali wa mahindi ambao kule huitwa papa, na mboga za majani, mbele ya moto wa samadi kavu. Hawakuwa watu wa maneno mengi. Mosele hakuwahi kuolewa na alizoea ukimya wa chumba kimoja. Wa Malineo ulikuwa wa aina nyingine, ukimya wa mtu aliyewaandalia watu wengi wasiokuja. Mara chache alimsimulia Mosele habari za baba mkwe wake, na hapo tu ndipo uso wake ulipolainika.

Mzee yule alikuwa na mchezo wake. Asubuhi za baridi, maji yameganda ndooni, alisimama mlangoni na blanketi lake begani akamwita mkwe wake aliyekuwa akipita. Alimwambia macho yake ni mabovu, hebu amweleze, nje kunawaka nini?

"Kunawaka, baba," Malineo alijibu.

"Naona kunawaka. Nauliza ni nini?"

"Ni hicho hicho unachokiota, baba."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alimtega hivyo mwaka baada ya mwaka na hakumnasa hata mara moja. Ndiye aliyesema mkwe wake arudi kufundisha, wakati wengine walitaka abaki mashambani, na ndiye aliyemsindikiza kwa farasi siku ya kwanza. Hayo ya mlangoni, Malineo alisema, yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote aliyowahi kuyapata katika nyumba ile.

Mwaka wa mwisho kabla Malineo hajastaafu, gari la ofisi ya elimu ya wilaya lilipanda na masanduku. Ndani mlikuwa na tableti kadhaa, skrini ya kutundika ukutani, betri, na paneli ya sola ya kufunga juu ya paa. Mpango ulikuwa huu. Ng'ambo ya korongo la mto Senqu kulikuwa na tawi la shule, Phororong, darasa moja la mawe lisilo na mwalimu tangu yule wa mwisho aliposhuka likizo asirudi. Mwalimu Malineo, ambaye hakuna aliyefundisha darasa la tatu kama yeye, atarekodiwa masomo yake. Tableti zitapandishwa Phororong kwa farasi, na watoto wa kule watamtazama yeye.

Malineo alijiandaa kama mtu anayeandaa harusi. Siku ya kwanza aliifuta tableti kwa kifutio cha ubao, chaki ikaingia kwenye tundu la chaji, na Mosele akatumia sindano alasiri nzima kuitoa. Tangu hapo aliifunga katika kitambaa chake cha kanisani. Ili asimalize betri, alijifunza kutelezesha kidole juu ya mfuniko wa bati la biskuti. Mosele alimkuta uani akiupapasa mfuniko huo kwa uangalifu mkubwa, akamuuliza kama biskuti zimeanza kuongea.

"Zinasema wewe una kelele," Malineo alijibu bila kuinua macho.

Akienda kisimani alipanga masomo kwa sauti: mchana na usiku, majira, vivuli, kukauka kwa nguo, kuota kwa mahindi. Mosele alimsikia na kufikiri kwamba hajawahi kumwona ana furaha namna ile. Aliielewa sababu siku Malineo alipomwambia kwamba amefundisha watoto, akawafundisha na watoto wa watoto hao, wote wakampita njiani wakienda zao mabondeni. Sasa angalau ataingia mahali wakati yeye mwenyewe hayupo, na watu watamngoja.

Kijana wa ofisini aliyekuja kuwafundisha alisisitiza jambo moja: kusiwe na kelele. Kusiwe na watoto darasani wala mtu wa kukohoa, mwalimu aongee mwenyewe akiitazama kamera. Basi walirekodi baada ya watoto kuondoka. Malineo aliomba madawati yasipangwe juu ya mengine, yaachwe kama yalivyo. Alisimama mbele yake, akavua miwani, akavaa tena, akaamkia. Akangoja itikio. Kisha akaanza.

"Mchana tunapata mwanga," alisema, "kwa sababu ya..."

Mkono ukanyoshwa dirishani. Akangoja. Upepo ulipita juu ya bati. Nyuma ya tableti Mosele alikuwa na neno lile kwenye ncha ya ulimi, lakini aliagizwa anyamaze, akalimeza.

"Vizuri sana," Malineo akayaambia madawati matupu, na akaendelea.

Walipokuwa wakifunga mlango Mosele alimuuliza kama warudie, kwa kuwa ule ukimya ulikuwa mrefu. Malineo alishangaa. Alisema watoto watajibu. Hajaona bado watoto wasiojibu.

Mtunza ufunguo wa Phororong alikuwa Seabata, ambaye wote walimwita Ntate, yaani baba, mzee aliyewahi kufanya kazi migodini, mwenye kofia ya manyoya na farasi mmoja mwenye hasira. Kila Jumatatu alishuka kuchukua tableti iliyojaa chaji na kurudisha iliyoisha. Habari alizoleta zilikuwa njema. Watoto wanafika mapema. Tableti wameipa kiti chake na kuiita Mme Malineo, yaani mama Malineo. Wakiingia wanaisalimia na kuiuliza imelalaje. Malineo alimsikiliza akiwa ameshika hatamu za farasi, na mara mbili au tatu alimrudisha nyuma kwenye hadithi: ilikuwaje hapo wanaposalimia?

Baridi ilipoanza kulegea, Mosele alipanda Phororong kuwapima watoto kwa maswali ya mdomo. Aliwakuta wamebanana kwenye mabenchi ndani ya mablanketi, macho tu yanaonekana. Tableti ilikuwa kitini pake, imefunikwa kitambaa. Alianza na swali jepesi. Asubuhi, ni kitu gani huchomoza nyuma ya mlima?

Darasa zima likanyosha mkono wa kushoto na kuuelekeza ukutani. Hakuna aliyefungua mdomo. Ukuta ule ulikuwa wa mawe matupu, hauna dirisha. Dirisha la Phororong lilikuwa upande mwingine kabisa.

Mosele aliuliza tena kwa njia nyingine. Nguo iliyofuliwa inakaushwa na nini? Mikono ukutani. Kivuli kinaletwa na nini? Mikono ukutani. Ntate Seabata alikuwa amesimama mlangoni akivimba kwa fahari.

"Unaona, Mme? Wameshika mpaka mkono."

"Naona, Ntate. Lakini jina lake mbona hawalitaji?"

"Mwalimu wao halitaji. Niliwaeleza, yule ni mkwe wa Letsatsi, si mtu wa ovyo. Mashine ikinyamaza, nasi tunanyamaza."

Mosele akasema neno mwenyewe, kwa sauti, akawataka warudie. Nje walikuwa wakilitaja kutwa, wakiliota, wakililaani linapochelewa kutoka. Lakini pale ndani waliitazama tableti iliyofunikwa, kama watu wanaochungulia iwapo mama amesikia. Kisha msichana wa benchi la mbele, jina lake Nthati, akaziba mdomo kwa ncha ya blanketi na kumnong'oneza jirani yake kwa sauti iliyofika kila pembe:

"Huyu hajaolewa. Yeye anaweza kulisema."

Watoto wakacheka. Mosele naye alicheka, ingawa njiani akirudi, juu ya mgongo wa farasi, maneno yale yalipanda na kushuka naye hadi mtoni.

Lilikuwa jambo la kuchekesha, na halikuwa la kuchekesha. Mwezi wa Oktoba wakaguzi wangepanda kuwapima watoto wale kwa mdomo. Wasiofaulu wangerudia mwaka Phororong, na wazazi walishasema wazi kwamba hawataipa mashine mwaka mwingine. Wavulana wangepelekwa kwenye malisho ya juu. Wasichana wangeshushwa mabondeni kupikia watu. Na katika masomo yale ya darasa la tatu, lile neno lilikuwa kila mahali; ukiliondoa hakibaki kitu cha kueleza.

Malineo alikuwa akichambua mboga Mosele alipomsimulia. Kwanza alicheka sana, kicheko ambacho Mosele hakuwahi kukisikia kwake.

"Ukutani?" aliuliza. "Wananyosha ukutani?"

"Ukutani, Mme. Wote."

Kicheko kikamwisha polepole. Alibaki na jani mkononi.

"Basi wamejifunza adabu yangu," alisema. "Somo hawakujifunza."

Mosele alikuwa ameshapata njia, na aliieleza. Ataingiza sauti yake mwenyewe kwenye zile nafasi za ukimya. Ni kazi ndogo. Malineo alimuuliza watoto walimwambia nini alipolisema neno mbele yao. Mosele akalazimika kurudia ya Nthati. Malineo hakucheka. Alimsogezea mwenzake bakuli la mboga karibu, kama vile hiyo ilikuwa pole, na kusema kwamba aliyelifunga ndiye wa kulifungua.

Hapo Mosele akauliza lile alilokuwa akijiuliza tangu alipohamia. Mme akilisema, nani atakasirika? Mzee amelala. Ntate Sekake yuko huko aliko. Hakuna mtu katika ua huu wa kulisikia, isipokuwa mpangaji.

"Ausi," Malineo alisema, akimwita dada kwa Kisotho, "ng'ombe wa nyumba hii wameondoka. Mume ameondoka. Mtoto hakuja. Kitu kilichobaki cha kuonyesha kwamba niliolewa hapa ni hicho nisichokitaja. Nikikitaja, mimi ni nani uani kwa watu?"

Walimaliza kuchambua mboga.

Siku zilizofuata Malineo alifundisha kama kawaida, mkono dirishani, watoto wakiitikia, na Mosele akaona kwamba sasa anawasikiliza kwa namna nyingine wanapolitamka. Kisha alisema kwamba ataomba ruhusa. Mke hufunguliwa na wenye nyumba, na mwenye nyumba aliyebaki ni Sekake. Nambari ya simu ilipatikana kwa binamu. Jumamosi, baada ya kufagia milango yote mitatu, walipanda hadi kilimani, mahali penye mtandao wa simu. Malineo hakuwa akisikia vizuri kwenye simu, kwa hiyo Mosele akaweka sauti ya nje na kuishika simu katikati yao.

Ililia kwa muda. Akapokea msichana.

Malineo akasafisha koo na kumwomba ampe Ntate Sekake. Msichana akasema baba yuko kazini, na yeye anaongea na nani?

"Kwanza wewe ni nani, mwanangu?" Malineo aliuliza.

"Mimi Lineo."

Upepo wa kilimani ulikuwa ukiipiga simu. Mosele alitazama chini, kwenye majani makavu. Sekake hakuwa amefanya kosa la mila. Alimpa binti yake wa kwanza jina la bibi mzaa babu, kama inavyotakiwa. Alifanya yote yanayotakiwa, ila aliyafanya mahali pengine.

"Haloo?" msichana akasema. "Nimwambie nani alipiga?"

"Mwambie mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Wa kwao," alisema Malineo, na akairudisha simu kwa Mosele aizime.

Walishuka kilima. Karibu na ua Malineo alitamka kitu kimoja tu, kwamba mtoto yule ana sauti nzuri, anaongea bila kumumunya maneno.

Jumapili hakuonekana kanisani. Mosele alimwona kwa mbali makaburini, na ufagio na ndoo, akifanya kazi kwenye lile lundo la mawe la mzee Letsatsi. Alipomaliza alikaa chini kando yake kama wanavyokaa watu wanaosubiri gari, blanketi limefunika magoti, hadi kivuli cha mlima kilipofika.

Kesho yake, watoto walipokwisha kuondoka, alimwambia Mosele aiwashe tableti, aisimamishe vizuri, kisha atoke nje. Mosele akakaa kwenye ngazi ya mlango, mgongo kwenye mbao. Alimsikia Malineo akiamkia, akingoja, akianza.

"Mchana tunapata mwanga kwa sababu ya..."

Kimya. Kilikuwa kirefu kiasi kwamba Mosele aliamini mkono umeshanyoshwa, na kwamba haikuwezekana, na kwamba watatafuta njia nyingine. Kisha neno likaja, dogo, kavu, kama mtu anayekanyaga barafu ya mtoni akiwa hana hakika itambeba. Kikapita kimya kingine. Likaja tena, safari hii kwa sauti ya darasani, ile inayofika benchi la nyuma.

"Jua," alisema Malineo. "Semeni na mimi. Jua."

Alirudia masomo yote aliyoyarekodi mwaka ule, moja baada ya jingine, bila kupumzika. Mosele hakuhama pale kwenye ngazi. Alipoitazama rekodi baadaye, aliona kwamba kila Malineo alipolitamka neno, mkono wake wa chaki bado ulinyanyuka kuelekea dirishani, wenyewe, kama zamani.

Alipotoka alikuwa amejikunyata, blanketi limevutwa hadi shingoni, ingawa alasiri ilikuwa na joto.

"Imeingia?"

"Imeingia, Mme. Yote."

"Basi usiifute."

Akaenda nyumbani peke yake. Jioni ile hakuwasha moto. Asubuhi, Mosele akitoka kunawa, alimkuta amesimama na ndoo ya maji mbele ya mlango wa chumba cha Mosele, ambacho zamani kilikuwa cha mzee. Hakuwa amekuja kuomba kitu. Alisimama tu, uso umeinuka kidogo, kama mtu anayengoja kuulizwa swali. Mosele alijua swali ni lipi, na alijua pia kwamba si yeye wa kuliuliza. Akamwamkia. Malineo akaitikia, akaondoka na ndoo yake.

Ntate Seabata alileta habari za Phororong. Mashine ilipolitaja lile neno mara ya kwanza, alisema, watoto waliganda. Walimgeukia yeye, naye hakufahamu afanye nini na uso wake. Kisha Nthati akasimama na kulisema, mwingine akasimama, na mwisho walilipiga kelele wote kwa pamoja hadi farasi akakata kamba na kushuka mtoni. Malineo alimwomba aisimulie tena hapo pa farasi. Oktoba wakaguzi walipanda, na watoto wa Phororong wakajibu kwa midomo yao. Wote wakapitishwa kwenda darasa la nne.

Lakini rekodi husafiri, na milimani watu wana masikio. Hakuna aliyemsema Malineo vibaya. Wanawake wa kisimani walimsogezea nafasi kama zamani na kumtwisha ndoo kama zamani. Ila wale waliozoea kumwita mkwe wa Letsatsi waliacha, mmoja mmoja, wakaanza kumwita Mwalimu, na hawakumuuliza tena kama kuna habari kutoka Welkom. Yeye naye aliacha kufagia mlango wenye kufuli. Nyasi za kizingitini zikafika kwenye kitasa.

Siku ya kufunga shule, Desemba, ndiyo ilikuwa ya kustaafu kwake. Mtoto wa dada yake alikuwa amempa chumba Mafeteng, na gari la kumshusha lingekuja asubuhi hiyo hiyo. Alisema hataki hotuba. Aliomba kitu kimoja, kwamba watoto wa Phororong washuke na kuonyeshwa darasa watakalosomea mwakani, na somo lake liwashwe kwenye ile skrini kubwa ya ukutani.

Walishuka na Ntate Seabata, wamepakwa mafuta hadi wanang'aa. Walipomwona Malineo mzima, mwenye miguu, walirudi nyuma ya farasi. Nthati ndiye aliyesogea. Aligusa ukingo wa blanketi la kijivu, akaliachia, akamwambia kwamba yule wa kwenye kioo ni mkubwa zaidi.

"Yule hali," Malineo alimwambia. "Mimi nakula. Ndiyo maana nimeisha."

Waliingia, wakabanana na wenzao wa Ha Motsoane. Malineo alikaa nyuma kabisa kwenye dawati la mtoto, mzigo wake mapajani. Mosele akaiwasha skrini. Malineo wa ukutani akavua miwani, akavaa tena, akaamkia, na darasa likamwitikia kwa nguvu hata vumbi likashuka darini. Nje gari lilipiga honi, mara moja tu.

Hakuna aliyeigeukia. Mosele alikuwa ameinama kwenye nyaya, sauti ilikuwa ikikatika. Watoto walikuwa wakijibu. Aliyekuwa ukutani aliuliza, akangoja, akasema vizuri sana, na safari hii kulikuwa na mtu wa kuambiwa. Somo lilipokwisha Mosele aligeuka kumtafuta mwenye somo, akaona dawati tupu, na mlango umerudishwa taratibu ili usilie. Gari lilikuwa limeshavuka daraja.

Hawakuonana tena. Baridi iliyofuata habari za kifo chake zilitoka Mafeteng kwa simu, na kule kilimani kwenye mtandao Mosele akajaribu kukumbuka waliagana vipi. Hawakuagana. Malineo alipita tu nyuma yake pale kwenye nyaya, mzigo mkononi, akasimama kidogo, akanyosha mkono kuelekea dirishani kama alivyofanya maisha yake yote, na kumwambia polepole ili asiwakatishe watoto:

"Vuta pazia kidogo, ausi. Jua linawapiga machoni."